Karani wa Mtaa wa Kipata

Anayekwenda Kariakoo kununua vitenge hana muda wa kusoma vibao vya mitaa. Macho yako kwenye bidhaa, mkono uko kwenye mfuko, na masikio yamejaa sauti za mawinga wanaomwita kila mpita njia kwa jina la upendo. Kwa hiyo mtu anaweza kufanya biashara miaka 20 katika Mtaa wa Narung'ombe asijue kwamba duka lake limesimama juu ya jina la vita. Nilimuuliza kijana mmoja muuza viatu maana ya jina hilo. Akafikiri, akanijibu kwa adabu: "Mzee wangu, nadhani zamani hapa walikuwa wakiuza ng'ombe."

Narung'ombe iko Ruangwa, mkoani Lindi. Mwezi Julai 1917 Wajerumani na Waingereza walipigana huko, na waliokufa kwa wingi pande zote mbili walikuwa Waafrika. Mitaa michache mbele kuna Mtaa wa Mahiwa. Mahiwa nayo iko Lindi; Oktoba ya mwaka huohuo jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck na jeshi la Waingereza walikamatana huko siku nne mfululizo, na upande wa Waingereza peke yake ulipoteza zaidi ya watu 2,000, waliouawa na waliojeruhiwa. Tandamuti ni kilima katika njia hiyohiyo ya kutoka Lindi kwenda bara. Leo Mtaa wa Tandamuti watu wanauza mazulia.

Na Kariakoo yenyewe ni neno la vita hiyo. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916 waliwaweka wapagazi wao, kile kikosi walichokiita Carrier Corps, kwenye uwanja mpana uliokuwa nyuma ya mji. Ulimi wa Kiswahili haukuwa na haja na herufi zile zilizosongamana. Kariakoo. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita ile, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Hawana makaburi yenye majina. Wana soko.

Nayasema haya mwanzoni kwa sababu mtu ninayetaka kuandika habari zake alitoka ndani ya vita hiyo akiwa hai, tena upande wa walioshindwa. Alirudi katika mji uliokuwa umegeuka mikononi mwa watawala wengine, akaishi humo miaka 30 iliyobaki ya maisha yake. Jina lake ni Kleist Sykes. Ukitoka Mahiwa ukaendelea kutembea bila kupindishwa na biashara, utaukuta mtaa wenye jina lake. Wazee bado wanauita Kipata.

Asili yake si ya Dar es Salaam, wala ya Pangani alikozaliwa mwaka 1894. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alitumwa na serikali ya Ujerumani kuja kuzima vita vya Abushiri bin Salim katika pwani. Hakuja na Wajerumani wengi. Alikodi askari wa Kisudani kutoka Misri, na Wazulu kutoka Msumbiji. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889; waliokuja kumpiga wakabaki, wakaoa, wakazaa. Mmoja wa Wazulu hao aliitwa Sykes Mbuwane. Alikwenda pia kwenye vita vya Mkwawa huko Uhehe, na ukoo husimulia kwamba hakurudi: alizama mtoni njiani. Mtoto wake Kleist akalelewa na Mzulu mwenzake, Affande Plantan, aliyekuwa mkubwa wa askari. Watoto wa Affande Plantan na mtoto wa marehemu Mbuwane walikua kama ndugu wa tumbo moja, na majina yao yanaonyesha walizaliwa katika kambi ya nani: Kleist, Thomas, Schneider.

Mtu akitaka kuwahukumu Wazulu wale, asifiche ukweli. Walikuja kama askari wa kukodiwa na waliwapiga Waafrika wenzao kwa malipo. Mtoto hachagui mzazi, lakini nadhani Kleist alilijua jambo hilo vizuri kuliko yeyote aliyemnyooshea kidole baadaye.

Shule ya Kijerumani ilimpa kusoma, kuandika na kupiga chapa. Vita vilipozuka mwaka 1914 alichukuliwa jeshini kama baba yake, akapigana chini ya Lettow-Vorbeck. Vita vikaisha, Ujerumani ikaondoka, naye akajifunza kuwatumikia mabwana wapya kwa lugha mpya. Akawa karani wa Reli.

Tuutazame mji aliourudia, Dar es Salaam. Wajerumani walikuwa wameuhamishia makao yao makuu mwaka 1891 kutoka Bagamoyo, wakaugawa vipande vitatu: Uzunguni kando ya bahari upande wa kaskazini, Uhindini katikati kwenye maduka, na Uswahilini nyuma. Karibu na mwaka 1914 serikali ilinunua shamba la mlowezi mmoja, Schöller, nyuma ya mji, ili ipime viwanja vya Waafrika, na ikajenga jengo la soko. Vita vikakatiza mpango. Waingereza wakaumalizia. Wakapima mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari, wakagawa viwanja, na kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwanja mtupu usiojengwa, Mnazi Mmoja. Sababu waliyoitoa ilikuwa afya: eti maradhi ya Waafrika yasivuke.

Sheria haikusema wazi kwamba Mwafrika haruhusiwi kukaa Uzunguni. Ilisema tu kwamba katika eneo la kwanza ijengwe nyumba ya namna fulani, ya mawe na ya gharama fulani, na katika eneo la tatu inaweza kujengwa nyumba ya miti na udongo. Hakukuwa na haja ya kutaja rangi ya mtu. Mshahara wake ulitosha kumwonyesha njia ya kwenda kwao.

Lakini watu wa Kariakoo walifanya kitu ambacho wapimaji hawakukitazamia. Walijenga. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani nyuma kwa kupikia na kufulia, baraza mbele kwa kukaa. Mwenye nyumba analala chumba kimoja na kupangisha vitano. Vibarua wa bandarini, makarani, wapishi wa Wazungu na maaskari waliostaafu walipanga humo, na miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake wengi, Wazaramo, Wamanyema na wengineo, waliojenga kwa pesa zao wenyewe za maandazi na pombe. Kodi ya chumba ilimpa mtu uhuru ambao mshahara wa serikali haukumpa. Mtumishi wa serikali akisema sana atafukuzwa kazi. Mwenye nyumba akisema sana atabaki na nyumba yake. Ukitaka kujua siasa za Tanganyika zilianzia wapi, anza na baraza hizo.

Mwaka 1924 Dk. James Kwegyir Aggrey, msomi kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alipita Dar es Salaam akiwa na tume ya elimu ya Phelps-Stokes. Kwa vijana makarani wa mji lilikuwa tukio la kumwona kwa macho yao Mwafrika mwenye suti na shahada akikaa meza moja na Wazungu na kusikilizwa. Kleist alikutana naye, na baadaye aliandika kwamba ni Aggrey aliyemshauri Waafrika wa Tanganyika waunde umoja wao. Mtaa wa Aggrey upo Kariakoo hadi leo, hatua chache tu kutoka Kipata.

Ushauri ulichukua miaka mitano kuzaa. Mwaka 1929 African Association iliundwa Dar es Salaam. Rais wa kwanza alikuwa Cecil Matola, mwalimu na Mkristo. Katibu alikuwa Kleist Sykes, Mwislamu. Pamoja nao walikuwa akina Mzee bin Sudi na Ibrahim Hamisi.

Nimelitafakari sana jina la chama hicho. Tangu 1926 Gavana Donald Cameron alikuwa ametangaza utawala wa kupitia machifu: kila Mwafrika ana kabila, kila kabila lina chifu, na mwenye shida apeleke shida yake kwa chifu wake. Huko bara mpango huo uliwapa watu fulani sauti. Kariakoo haukumfaa mtu. Karani wa Kiyao aliyezaliwa Masasi na kusomea Zanzibar angepeleka shida ya kodi ya kiwanja kwa chifu yupi? Na Kleist je? Chifu wake alikuwa wapi, Zululand? Katika ramani ya Cameron mtoto wa Sykes Mbuwane hakuwa na mahali. Hakuwa na kijiji cha kurudi akistaafu wala mzee wa ukoo wa kumwombea mbele ya Bwana Shauri. Kwa mtu kama huyo, kujiita Mwafrika kulikuwa anwani pekee iliyomtosha, wala halikuwa wazo alilolisoma vitabuni. Vyama vya kikabila vilikuwepo na vingine vilikuja baadaye mjini humohumo, na vilifanya kazi nzuri ya kuzikana na kusaidiana. Chama kilichobeba jina la bara zima kilianzishwa na watu ambao utawala haukujua uwaweke chini ya nani, na mimi sioni kuwa ilitokea hivyo kwa bahati.

Ukatibu ulimfaa. Kleist hakuwa msemaji wa viwanjani, na wakati ule hakukuwa na viwanja vya kusemea. Kazi ilikuwa ya kuandika: barua kwa serikali, orodha ya wanachama, hesabu za michango. Karani anajua kwamba jambo lisiloandikwa serikali itasema halikutokea. Kisha chama kikaamua kitu ambacho mimi nakihesabu kuwa uamuzi wake mkubwa wa kwanza, nacho si azimio wala maandamano. Kiliamua kujenga nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wanachama, makarani na mafundi kwa pamoja, walijitolea kwa fedha zao na mikono yao kuinua ofisi katika Mtaa wa New Street, kando ya Mnazi Mmoja, ukingoni kabisa mwa Kariakoo, mahali ambapo ukivuka uwanja uko Uhindini.

Mwaka 1933 walewale, Kleist akiwa mbele, walianzisha Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, nayo ikajenga shule ya watoto wa Kiislamu ambao nafasi zao katika shule za misheni zilikuwa finyu. Wapo wanaoiona hiyo kama njia nyingine tofauti na ile ya African Association. Mimi naona ni watu walewale wenye shida ileile: mji hauna kitu chao mpaka wakijenge.

Asije mtu akadhani palikuwa na amani tupu. Kariakoo ya miaka ya 1930 ilikuwa na mdomo. Erika Fiah, Mganda mwenye duka, aliwashambulia makarani kwamba wanaogopa kupoteza ajira zao na wanajali tai zao kuliko vibarua. Mwaka 1937 alianzisha gazeti lake, Kwetu, la kwanza Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika, na humo hakumwachia mtu. Alikuwa na haki kwa sehemu. Chama cha makarani kilibaki miaka mingi chama cha makarani. Hakikumfikia mchukuzi wa bandarini mpaka mchukuzi mwenyewe aliposimama. Lakini duka na gazeti la Fiah vilikufa, na nyumba ya New Street ilibaki imesimama ikingoja watu wa kuitumia.

Kleist naye aligeukia biashara, akajenga, akapangisha, akafanikiwa kwa kiwango ambacho Mwafrika wa wakati wake hakutazamiwa kukifikia. Watoto wake watatu wa kiume, Abdulwahid aliyezaliwa 1924, Ally aliyezaliwa 1926, na Abbas mdogo wao, walikulia Kipata katika nyumba ambamo mikutano ilikuwa sehemu ya samani. Vita vya pili vya dunia vilipokuja, Abdulwahid na Ally walivaa kofia za King's African Rifles wakapelekwa Burma. Babu askari wa Wissmann, baba askari wa Lettow-Vorbeck, wana askari wa Mfalme George: vizazi vitatu, vita vitatu vya wengine. Vya nne ndivyo vilivyokuwa vyao.

Mwaka 1947 wachukuzi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukasambaa. Mwaka uliofuata Abdulwahid, akiwa bado kijana, alikuwa katibu wa chama chao. Hapo ndipo mtoto alipoziba pengo ambalo Fiah alimlaumia baba. Kleist alifariki Mei 1949. Hakuona lililofuata.

Lililofuata linajulikana, na nitalipita haraka. African Association, ambayo sasa iliitwa Tanganyika African Association, TAA, ilichukuliwa na vijana: Dk. Vedasto Kyaruzi akiwa rais na Abdulwahid katibu, mwaka 1950. Mwaka 1953 mwalimu wa Pugu, Julius Nyerere, alichaguliwa rais wa TAA katika ukumbi wa Arnautoglo, hapohapo Mnazi Mmoja, Abdulwahid akawa makamu wake. Tarehe 7 Julai 1954 watu 17 walikutana katika nyumba ya New Street, TAA ikawa TANU. Abdulwahid na Ally walikuwa miongoni mwao. Kadi namba 1 ilikuwa ya Nyerere, namba 2 ya Ally, namba 3 ya Abdulwahid. Nyumba iliyojengwa kwa mikono ya makarani ili wawe na pahali pa kuwekea barua zao ndiyo iliyozaa Saba Saba.

Nyumba ile ya kwanza haipo tena. Mtaa umebadilishwa jina kwa heshima ya Patrice Lumumba, aliyeuawa Congo Januari 1961, na ofisi ndogo ya makao makuu ya CCM ipo hapo ndani ya jengo la ghorofa. Nimesimama mbele yake mara kadhaa, na kila mara nimesikitika. Ukuta mmoja wa zamani ungetosha. Nchi zenye bahati hutunza chumba ambamo jambo lilianzia, hata kama ni chumba kibaya. Sisi tulikuwa nacho, tena kilichojengwa kwa kujitolea, tukakiangusha.

Kuangushwa ndiyo desturi ya Kariakoo. Soko la Wajerumani lilibomolewa likaja soko la msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa na Nyerere mwaka 1975, lenye mapaa kama miavuli iliyogeuzwa ili yakinge maji ya mvua, na chini kabisa Shimoni walikokuwa wakipokelea mizigo. Soko la zamani ndilo alilolisimamia Abdulwahid kama mkuu wa soko wakati TANU ikizaliwa, ambapo wauza ndizi na wauza samaki walikuwa wanachama wa TANU kabla hawajawa wateja wa mtu. Alifariki Oktoba 1968, akiwa na miaka 43, na hakuwahi kuliona soko jipya. Nalo liliungua usiku wa Julai 2021. Nyumba za vyumba sita zimebaki za kuhesabika. Mahali pake yamesimama maghorofa ya maduka, na Novemba 2024 mojawapo liliporomoka asubuhi watu wakiwa ndani. Zaidi ya 25 walikufa. Siku zile Kariakoo iliyozoea kupiga kelele ilikaa kimya ikisikiliza sauti za waliokuwa chini ya zege.

Kuna jambo moja ambalo halijaangushwa. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa ajili ya kodi na namna inavyodaiwa. Waziri Mkuu alipokuja kuwasikiliza, hawakukutana ofisini. Walikutana Mnazi Mmoja, uwanja uleule ulioachwa mtupu ili watu wa Kariakoo wasivuke.

Kwa miaka mingi vitabu vya historia ya chama vilianza hadithi mwaka 1954, na jina la Sykes ama halikuwemo ama lilipita kama kivuli. Mwanahistoria Mohamed Said alilipinga jambo hilo kwa kitabu kizima juu ya maisha ya Abdulwahid, kilichotoka London mwaka 1998 na baadaye kwa Kiswahili. Mwaka 2011, taifa lilipoadhimisha miaka 50 ya uhuru, Abdulwahid na Ally walitunukiwa nishani. Kabla ya hapo mtoto wa Abdulwahid, aliyepewa jina la babu yake, alikuwa ameshakuwa Meya wa Dar es Salaam: Kleist Sykes wa pili, akiongoza jiji ambalo Kleist wa kwanza alipangiwa akae nyuma ya uwanja wake.

Lakini Mohamed Said hakuwa wa kwanza kuyatoa haya. Kleist, karani hadi mwisho, alikuwa ameandika habari za maisha yake kabla hajafa: baba yake, vita, Aggrey, chama. Maandishi yakakaa nyumbani. Miaka kama 20 baadaye mjukuu wake Aisha, anayejulikana kwa jina la Daisy, binti wa Abdulwahid, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliyachukua maandishi ya babu, akayasoma, akaandika kwayo insha ya maisha ya mtu wa mjini, nayo ikachapishwa mwaka 1973 katika kitabu alichokihariri John Iliffe. Sehemu kubwa ya tunachokijua juu ya mwaka 1929 imetoka katika karatasi hizo za Mtaa wa Kipata.